Ngeli za Mchanganyiko: Sarufi Fupi ya Muziki wa Ukumbini kutoka Mountain View

Makala haya ni matokeo ya utafiti wa uwandani uliofanywa kwa miaka 11, mtafiti akiwa ameketi safu ya nyuma ya besi katika kwaya moja ya Mountain View, kando ya Waiyaki Way, Nairobi. Vifaa vya utafiti vilikuwa kiti cha plastiki, thamosi ya chai na daftari la kusahihishia insha, kwa kuwa mtafiti ni mwalimu wa Kiswahili na daftari lingine hana. Mtaa wenyewe ulipewa jina la mandhari ya mlima. Asubuhi ikiwa safi, milima ya Ngong huonekana. Jirani akiongeza ghorofa, huonekana kwa aliyepanda juu ya tangi la maji. Suala la nani anaona nini kutokea wapi litarudi mbele, msomaji aliweke akiba.

Tatizo la utafiti ni hili. Mabango ya tamasha za Nairobi hupenda kuahidi kwamba Afrika na Ulaya zitakutana jukwaani. Mtu hulipa kiingilio, huketi, hukuta violini, nyatiti, kinanda, ngoma na soprano mmoja aliyefunga kilemba. Akirudi nyumbani akiulizwa ilikuwaje, husema, "Ilikuwa fyusheni." Neno hilo halina kazi. Ni sawa na kumwuliza mtu amekula nini, akakujibu amekula chakula.

Wataalamu waliotangulia wamejaribu kuainisha michanganyiko hii kwa kuhesabu ala: ngapi za Kizungu, ngapi za kwetu, kisha wanagawanya. Kwa kipimo hicho harusi yoyote ya Kangemi, mtaa jirani, ni kazi kubwa ya sanaa ya kimataifa. Mtafiti anapendekeza chombo ambacho kila mtoto wa Kenya aliwahi kuchapwa nacho darasani, yaani ngeli.

Ngeli haiulizi neno lilizaliwa wapi. Inauliza neno linaburuta nini. Sema "kitabu changu kikubwa kimepotea," uone jinsi ile *ki* moja ilivyowashika wenzake wote mkono na kuwapanga mstari. Hilo tunaliita upatanisho wa kisarufi, jina la upole mno kwa jambo lenyewe, kwa sababu katika upatanisho huo kuna mmoja aliyekaa kama alivyokuja na wengine wote wamebadilika kwa ajili yake. Ala mbili zikikutana ukumbini, mambo huwa hayohayo. Kwa hiyo swali letu si ala zipi zimo. Swali ni: nani kabadilisha kiambishi?

Tuanze na ngeli yenye wakazi wengi, I-ZI. Neno la kigeni likifika bila mwenyeji wa kulipokea, huku ndiko hutupwa: piano, gita, redio, benki. Piano imeletwa, piano zimeletwa; neno lenyewe halitikisiki, halivui hata viatu. Katika muziki, I-ZI ni ule mchanganyiko ambao kila upande hutoka kama ulivyoingia. Programu ina Handel, halafu Mozart, halafu mapumziko ya sambusa, halafu Mozart tena. Mwisho kabisa, watu wakishaanza kutafuta funguo za gari, huingia ngoma za isukuti.

Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Mtafiti, ambaye nyumba yake iko umbali wa kusikia makanisa ya Kangemi kila Jumapili tangu saa tatu asubuhi, aliipokea habari hiyo kwa mshangao, maana alikuwa akidhani ni yeye anayehitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Mjini, isukuti hiyohiyo hupewa dakika nne. Soprano hufunga leso viunoni juu ya magauni meusi, alto mmoja hupiga kigelegele alichokifanyia mazoezi bafuni, na hadhira nzima husimama. Watu hurudi nyumbani wakiamini wameona mchanganyiko. Walichoona ni Handel akitoka na isukuti ikiingia, wakapishana mlangoni bila hata kusalimiana.

Mtafiti hana ugomvi na I-ZI. Sambusa mara nyingi huwa nzuri.

Ngeli ya KI-VI ndiyo iliyomla miaka mitano kati ya hiyo 11, kwa sababu ndani yake mnaishi spishi mbili zisizosemezana. Ya kwanza ni KI-VI ya kudunisha: mtu anakuwa kijitu, nyumba inakuwa kijumba. Ya pili ni KI-VI ya kumeza, tutaifikia.

Mfano wa kwanza wa kudunisha unaleta ubishi, na mtafiti anautaja akiwa amesimama wima. Kuelekea uhuru wa 1963, kazi ya kuandaa wimbo wa taifa ilipewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wa kubembelezea mtoto. Kitu kilichokuwa cha mama mmoja na mtoto mmoja, gizani, kikapewa sauti nne na tarumbeta. Kazi ni nzuri. Kati ya nyimbo za taifa ninazozijua, ni chache zinazoweza kuuzidi wetu kwa utulivu. Lakini kisarufi kuna kilichobadilika. Kibembelezo hakina mwisho ulioandikwa: huisha mtoto akilala. Mtoto ndiye kondakta. Wimbo wa taifa huisha palepale kila siku, awe amelala mtu au asilale, ingawa nimewahi kuona waheshimiwa wakijaribu.

Mfano wa pili hauna ubishi. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, zile herufi d r m f s l t ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza karne ya 19 na wamisionari wakazileta huku pamoja na sabuni. Solfa ni chombo cha ajabu. Haidai kinanda, haidai umeme. Mtu mmoja husema "tupe do," mwingine hutoa, na watu 40 wanaondoka. Bila solfa kwaya za Afrika Mashariki zisingekuwepo kwa wingi huu. Ila ina milango saba, na ya pembeni ya kubanana. Sasa mwalimu anakwenda kijijini, anamkuta bibi anayeimba wimbo wa mavuno, na katikati ya wimbo kuna sauti iliyokaa kati ya *mi* na *fa*, imetulia kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda. Karatasi ya mwalimu ina m na ina f. Bibi huambiwa achague. Hachagui, kwa sababu hayupo; amebaki kijijini. Mwalimu anamchagulia, huwa ni m, na miezi mitatu baadaye wimbo unashinda kombe katika kipengele cha nyimbo za kiasili zilizopangwa upya. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu miaka ya 1920. Mtafiti akijaribu kukadiria ni mabibi wangapi wamenyooshwa tangu hapo, chai humpoa mkononi.

Hata neno *kinanda* lenyewe ni ushahidi. Zamani, pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, kifuani mwa mwimbaji. Ikaja santuri, ikaitwa kinanda cha santuri. Ikaja ogani ya kanisa, nayo ikaitwa kinanda. Leo ukisema kinanda Mountain View, kila mtu hugeuka kutazama kile cha plastiki chenye waya, kilichofunikwa kitambaa cha maua. Jina limebaki na nyumba, mpangaji wa kwanza hayumo, na hakuna anayekumbuka alihama lini.

Spishi ya pili, KI-VI ya kumeza, huonekana vizuri zaidi katika neno *kitabu*. Kwa Mwarabu hiyo *ki* ya mwanzo si kiambishi; *k* yake ni ya mzizi, k-t-b, ni mfupa. Mswahili akaisikia, akasema aa, hii naijua, akaunda *vitabu*. Huo ni wizi wa mchana kweupe. Mwenye mali akipita leo akasikia "vitabu vimechakaa," hana pa kuanzia kesi, kwa kuwa ng'ombe ameshapigwa chapa nyingine na amezaa.

Muziki unaomeza hivi ni adimu, na mfano ulionifungua macho ulitoka Uchina. Mwaka 1959 wanafunzi wawili wa shule ya muziki ya Shanghai, He Zhanhao na Chen Gang, walitoa konseto ya violini kuhusu wapenzi wawili wa hadithi ya kale waliogeuka vipepeo. Ala karibu zote ni za Kizungu, okestra kamili. Lakini sauti zimetoka kwenye opera ya nyumbani kwao, na violini inalazimishwa kuteleza, kulia na kujikunja kama erhu, ile fidla yao ya nyuzi mbili ambayo upinde wake hupita katikati ya nyuzi. Violini haikupewa mgeni wa kuandamana naye. Yenyewe ndiyo iliyoambiwa ibadilishe lafudhi.

Niliisikiliza mara ya kwanza kwa simu, ndani ya matatu ya 105 iliyokwama Westlands. Juu ya vichwa vyetu ilikuwapo ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa 2022, ambayo kwa hekima yake inaishia Westlands kabla ya kutufikia sisi. Waya wa masikioni ulikuwa umekufa upande mmoja, kwa hiyo niliweka spika, chini kidogo. Utingo alikuwa ananing'inia mlangoni. Akainama, akasikiliza, akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni orutu?"

Nikamwambia ni violini, ya Wachina.

"Zii," akasema. "Hiyo ni orutu. Mjomba wangu anapiga hivyo."

Orutu ni fidla ya Waluo, uzi mmoja tu. Utingo yule hakusoma Shanghai wala popote pengine penye okestra, na katika sekunde 30 aliondoa violini, okestra na Shanghai yenyewe, akabaki na kile kitendo cha kidole kuteleza juu ya uzi. Mtafiti alishuka Kangemi kwa makusudi, stendi moja kabla, ili atembee na jambo hilo. Violini iliyomezwa Uchina ilikuwa imetambuliwa Waiyaki Way kama jamaa wa mtu.

Karibu na nyumbani, kazi ya namna hiyo aliifanya Mganda Justinian Tamusuza. Kipande chake *Ekitundu Ekisooka* kilipigwa na Kronos Quartet wa San Francisco kwenye albamu yao ya 1992 ya watunzi wa Afrika: violini mbili, viola na selo, zimekaa kizungu lakini zimefungwa mikono, hazina ruhusa ya kuimba wimbo mrefu wa mahaba, zinagonga vipande vifupi vinavyoingiliana, Kiganda kabisa. Na kabla ya hapo, 1958 huko Kamina, Kongo ya Wabelgiji, Padri Guido Haazen na vijana wake waliiimba misa ya Kilatini kwa sauti za nyimbo za Kongo, ile *Missa Luba*. Kilatini kimevumilia mengi, ila siku hiyo kilibeba maji kichwani. Baadaye Boniface Mganga na Muungano National Choir wakaja kuirekodi, albamu ikatoka 1990, na hapo ngeli zilinishinda kabisa: Wakenya wanaimba sauti za Kongo zilizomeza Kilatini kwa usimamizi wa Mbelgiji. Niliandika "taz. baadaye" daftarini, na baadaye haijafika.

LI-YA ni ngeli ya ukubwa: jitu, joka, goma. Humu mnaingia kwaya za watu 500 za sikukuu za kitaifa, na konseto ya piano ya *Mto Manjano* iliyotungwa Uchina 1969, siku za Mapinduzi ya Utamaduni, nayo kwa kamati. Ukilinganisha na kamati yetu ya 1963, unaona kwamba watu watano wanaweza kukaa kikao kimoja wakatoka na kibembelezo, na wengine wakatoka na mafuriko. Hakuna zaidi la kusema kuhusu LI-YA. Yenyewe huwa imeshasema kwa sauti.

A-WA ina sheria inayowatesa watahiniwa kila mwaka: uhai hushinda umbo. Kiboko ana *ki*, lakini anakuja, hakiji. Kipofu anaimba, hakiimbi. Vivyo hivyo kuna wanamuziki ambao umbo lao linasema kitu kimoja na upatanisho unasema kingine. Eriko Mukoyama wa Japani alikwenda Siaya, akakaa, akajifunza nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo ambayo kwa desturi wanawake hawakuipiga, akaitwa Anyango. Umbo ni Tokyo, upatanisho ni Siaya. Na yule Washington Omondi wa kamati ya wimbo wa taifa aliandika baadaye tasnifu ya uzamivu London kuhusu nyatiti, iliyokamilika 1980. Yaani mtu aliyesaidia kukiweka kibembelezo kwenye sauti nne ndiye huyohuyo aliyekaa miaka akisikiliza jinsi nyuzi nane zinavyopatana zenyewe kwa zenyewe. Katika A-WA hakuna utata. Mtu anaweza kuwa na mambo mawili. Ala ndiyo inayopata shida.

Ngeli ya YA-YA ni ya vitu visivyohesabika: maji, maziwa, mafuta, manukato. Huwezi kusema "nipe maziwa matatu" ukaeleweka, na huwezi kuyarudisha yalikotoka yakishamiminwa. Hapa Nairobi hatuna mfano wa kutosha, inabidi tushuke pwani, kwenye taarabu. Zanzibar wana Ikhwani Safaa tangu 1905: udi, kanuni, nai, fidla, akodiani, ngoma, na Kiswahili juu yake. Hakuna anayesimama pale kutangaza kwamba sasa Misri na Ulaya na Afrika zinakutana. Zilishakutana, zilishazaa, wajukuu wanagombania kiti cha mbele. Fidla ile ni ileile ambayo Nairobi inaitwa violini na huvaliwa tai, ila kule imeshapewa jina la kuitwa uani.

Mombasa walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1912 mjini Nagoya, Japani, ilibuniwa ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta: unabonyeza kwa mkono mmoja, unakwaruza nyuzi kwa mwingine. Waliiita *taishogoto*, kwa jina la enzi ya mfalme wao mpya. Ikapita India, ikavuka bahari, ikafika Mombasa, ikaitwa *taishokoto*, ikaingizwa umeme, na ikawa sauti kali inayosikika nyuma ya waimbaji kama Zuhura Swaleh. Mtafiti aliwahi kumwuliza mama mmoja wa Mombasa, shabiki wa harusi zenye taarabu, iwapo anajua kwamba ala hiyo ni ya Kijapani. Mama alimtazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "hiyo ya kwetu. Kama Wajapani nao wanayo, basi hongera zao."

Hiyo ndiyo YA-YA. Haishindwi na ushahidi.

Ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, inataka mistari michache. Mchanganyiko wa KU upo tu wakati unatendeka. Mpiga saksafoni wa kukodiwa anasimama getini akina mama wanapomtoa bibi harusi wakiimba. Hajui wimbo, hajui ubeti utakatika wapi, anawafuata kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe asiyoyaona. Ukirekodi kwa simu, ukisikiliza jioni, hakuna kitu. U-I na U-ZI zinaachiwa watahiniwa.

Tumefika PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ambayo kwa ajili yake kila kilichotangulia kiliandikwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, katika ukumbi wenye paa la mabati. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ametunga wimbo wa dakika saba kwa kwaya, kinanda, violini mbili na nyatiti. Mpiga nyatiti, mzee wa miaka sabini na kitu, alivuka daraja la miguu kutoka ng'ambo ya Kangemi akiwa amebeba ala yake ndani ya gunia la sukari. Akaketi juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe. Akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile ya kugongea ubao, akafunga njuga mguuni, akaanza kunong'ona na nyuzi: anavuma kidogo puani, anakaza, anavuma, analegeza.

Binti wa kinanda, mwanafunzi wa chuo, mwenye adabu zote, akabonyeza *la*. Akaibonyeza tena.

"Mzee, samahani. Huo uzi wa tatu, unaweza kuupandisha kidogo tu?"

"Uko sawa, nyathina, mwanangu."

"Ni kwamba haufiki kwenye *mi*."

Mzee akamtazama, akatazama kinanda, akaamua kutomwaibisha mtoto wa watu. Akakaza. Uzi ulikuwa nailoni ya kuvulia samaki, na nailoni ina msimamo wake. Ukakatika kwa sauti iliyowafanya alto wainuke.

Mvua ikaja muda huohuo. Wanaojua mabati wanajua kwamba mvua ya Aprili haizungumzi na mtu. Kwa dakika 20 hakuna aliyesikia chochote. Tan Dun, yule mtunzi wa Uchina aliyeandika konseto ya maji yanayopigwa ndani ya mabakuli, angelipa kiingilio. Binti aliendelea kubonyeza *la* kwa imani. Mzee alitoa mfukoni kibunda cha nailoni, akafunga uzi mpya, akalaza sikio juu ya ubao wa nyatiti kama mtu anayesikiliza tumbo la mja mzito, akalinganisha nyuzi zote nane, peke yake, bila mtu yeyote duniani mwenye uwezo wa kumsahihisha.

Mvua ilipokatika nyatiti ilikuwa imepatana. Haikupatana na kinanda. Ilipatana yenyewe kwa yenyewe, na *mi* yake ilikuwa imeketi ukingoni mwa kitanda.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza mizunguko minne. Nilimwona akikunja karatasi yake ya solfa mara mbili. Kisha akamwambia binti, "Toa *mi* zote."

"Zote, mwalimu?"

"Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Bakiza *do* na *so*. Violini, msiniangalie mimi, mwangalieni mzee kidole."

Violini hazina vizuizi shingoni. Kidole kikitaka kukaa katikati, hukaa. Ziliteleza mara mbili tatu, zikafika. Wakati huo binti alikuwa ameinama juu ya kinanda chake, ameingia ndani ya menyu ambayo haikuwahi kuguswa tangu kinunuliwe, akapata kitufe cha kushusha sauti ya ala nzima kwa vipande vidogo, chini kidogo, chini kidogo tena, mpaka *do* ya umeme ikalala juu ya *do* ya nailoni. Mwaka 1982 Kevin Volans wa Afrika Kusini aliandika kipande ambacho vinubi viwili vya vitufe, ala za karne za wafalme wa Ulaya, vilifunguliwa na kulinganishwa upya kwa mpangilio wa Kiafrika. Kazi hiyo huchukua saa nzima na fundi. Binti wetu alitumia dakika mbili na kidole kimoja.

"Tupe *do*," akasema mwalimu, kwa mazoea, akigeukia kinanda. Halafu akageuka upande wa pili.

Mzee akatoa.

Nikaandika daftarini, na ndiyo sentensi pekee ya miaka 11 ninayoweza kuitetea mbele ya jopo: pale kigodani pametoka *do*, kule kwenye kinanda kumenyamaza, mle ukumbini mmeingia kitu. Viambishi vitatu, na kila kimoja kimefuata mahali. Kinanda hakikufukuzwa. Kimepewa kazi ya *do* na *so*, kazi ya heshima, ya mtu anayeshika ngazi mwingine akipanda. Na sisi besi, ambao kwa miaka yote tulikuwa tunaimba *mi* bila kujua kwamba ina majirani, tulianza kuitafuta ile nyingine. Wenye masikio waliipata wiki ya tatu. Mimi wiki ya sita.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu ngeli hii, na walimu wenzangu wanalijua, ila huwa tunalipita haraka kwa sababu ya silabasi. PA-KU-MU ina nomino moja tu ya kwake, *mahali*. Nyingine zote huingia humo kwa kuongezwa *-ni*: nyumbani, ukumbini, kigodani. Na hiyo nomino moja, yenye nyumba, ni ya Kiarabu. Mgeni alikuja, hakupewa chumba cha uani, alipewa ngeli nzima, na Mswahili hakupoteza hata kiambishi kimoja kwa ukarimu huo: pale pake, kule kwake, mle mwake. Mtafiti hajui mgeni mwingine aliyewahi kutunzwa hivyo na sarufi.

Mwezi wa Mei mwalimu aliamua kuupeleka wimbo kwenye tamasha moja la kwaya. Jumanne usiku akanipigia simu. Alikuwa na fomu mbele yake.

"Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa ngeli. Hapa wanataka kipengele. Wimbo wa kiasili, wimbo wa kiasili uliopangwa upya, utunzi wa kwaya, muziki wa Magharibi. Sisi tuko wapi?"

Nikamwambia PA-KU-MU.

Kimya. Nikasikia kalamu ikigonga meza.

"Hiyo hawana," akasema. "Nitaweka alama kwa utunzi wa kwaya." Akaandika. "Na hapa chini wanataka sauti ya kuanzia. C, D, hivi hivi. Niandike nini?"

Nikamwuliza yeye anaonaje. Akafikiri kidogo, halafu nikasikia kalamu tena, taratibu, herufi kubwa kubwa, akijisomea anavyoandika: "Muulizeni mzee."